Alice Seeley Harris na Picha ya Nsala

Alice Seeley alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 katika Malmesbury, mji mdogo wa Uingereza, akafariki tarehe 24 Novemba 1970, akiwa amepita umri wa miaka mia kwa miezi sita. Katika maisha hayo marefu iko siku moja ambayo watu huikumbuka kupita zote, nayo ni siku ya mwezi wa Mei 1904, mtu wa kijiji cha Wala alipofika barazani kwake, msituni mwa Kongo, akichukua kifurushi cha majani. Mtu huyo aliitwa Nsala. Yafaa jina lake litajwe tangu mwanzo, maana picha aliyopigwa siku ile imezunguka dunia nzima, na mara nyingi imezunguka pasipo jina.

Alipokuwa kijana, Alice alipata kazi katika ofisi ya Posta huko London. Saa zake za mapumziko alizitumia kusaidia misioni ya Waprotestanti miongoni mwa watu wa mji. Moyo wake ulitamani kwenda ng'ambo kufundisha Injili, lakini ilimpasa kungoja miaka mingi. Mwaka 1897 alikubaliwa kwenda Kongo pamoja na Congo Balolo Mission, shirika la Kiprotestanti lililofanya kazi kando ya mito ya Lulonga, Lopori na Maringa. Tarehe 6 Mei 1898 aliolewa na John Hobbis Harris, kijana wa imani moja naye, na siku chache tu baadaye wakapanda meli. Maarusi wengine huenda kupumzika. Hawa fungate yao ilikuwa safari ya baharini, na mwisho wake msitu wa Ikweta.

Waliwekwa kwanza Ikau, halafu tangu mwaka 1901 Baringa, juu ya mto Maringa. Bibi Harris alifundisha watoto. Wazazi wao walionekana shuleni kwa nadra, na sababu ilijulikana upesi: walikuwa msituni wakitafuta mpira.

Nchi waliyoifikia haikuwa koloni la taifa lolote. Tangu 1885 iliitwa Dola Huru ya Kongo, na uhuru wake ulikuwa wa jina tu, kwa kuwa mwenye mali alikuwa mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ambaye hakuikanyaga hata siku moja. Mwaka 1888 Mskoti John Boyd Dunlop alikuwa ametengeneza gurudumu la mpira lenye upepo kwa ajili ya baisikeli, na muda si mrefu viwanda vya Ulaya na Marekani vikataka mpira kuliko ulivyopatikana. Mpira wa Kongo ulikuwa utomvu wa mitambaa ya mwituni. Mwanamume alikwenda mbali, akapanda miti, akakinga utomvu tone kwa tone, akaugandisha, akarudi na kikapu chake. Alipokwisha kuutoa, siku ya kutoa mwingine ilikuwa imekaribia. Mashamba yakaota magugu, na njaa ikaingia vijijini.

Katika upande wa Baringa kazi hiyo iliamriwa na kampuni iliyoitwa ABIR, yenye ofisi yake kuu mjini Antwerp, nchi ya Ubelgiji. Kampuni iliweka vijijini walinzi wenye bunduki. Mpira ulipopungua, wanawake walifungwa kama rehani mpaka waume zao walete. Wanaume walipigwa kiboko. Vijiji vilivyokataa vilipigwa risasi. Tena wakubwa waliogopa askari wasipoteze risasi kwa kuwinda nyama. Basi askari alitakiwa kuthibitisha kwamba risasi yake iliua mtu, na uthibitisho ulikuwa mkono wa kuume uliokatwa kwa maiti. Naye aliyekosa shabaha, au aliyewinda nyama kwa siri, alijua namna ya kusawazisha hesabu: alikata mkono wa mtu aliye hai. Hivyo viungo vya watu vikawa kama stakabadhi.

Bibi Harris alikuwa na kamera. Wamisionari wengi walikuwa nayo, kwa matumizi yasiyo ya ajabu: kupiga picha ya shule, ya watoto katika nguo mpya, ya nyumba iliyokwisha kujengwa, zipate kupelekwa Ulaya kwa wale wanaotoa sadaka. Yeye naye alipiga picha nyingi za namna hiyo. Kazi ilihitaji uvumilivu, maana joto na unyevu wa Ikweta huziharibu dawa za picha, na anayepigwa sharti atulie. Pengine bila mazoezi haya ya kila siku, ya kuwapanga watoto na kuungoja mwanga mzuri, asingaliweza kazi iliyomjia baadaye.

Mwezi ule wa Mei 1904 kijiji cha Wala hakikutimiza kiasi cha mpira kilichoamriwa. Walinzi wa ABIR wakakivamia. Bonginganoa, mke wa Nsala, aliuawa. Binti yao Boali, aliyekuwa na umri wa miaka mitano hivi, aliuawa vilevile. Baba akaokota kilichobaki cha mtoto, akakifunga kwa majani, akashika njia ya Baringa. Waliompokea barazani walikuwa Bibi Harris na mmisionari mwenzake, Edgar Stannard. Kifurushi kilipofunguliwa, mlikuwamo mkono mdogo na mguu mdogo.

Akaombwa aketi ukingoni mwa baraza, na vile viungo vikawekwa sakafuni mbele yake. Bibi Harris akaleta kamera.

Kuna watu waliouliza tangu hapo kama ilikuwa haki kumwomba mzazi jambo la namna hii katika saa ile. Swali ni la heshima, wala halijibiwi kwa haraka. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Nsala alikuwa amekwisha kufanya shauri lake kabla ya kuiona kamera. Angaliweza kumzika mtoto wake palepale Wala, naye akakimbilia msituni kama wengine. Badala yake alikibeba kifurushi njia nzima mpaka mahali penye Wazungu, kusudi kionekane. Alikuja kama shahidi. Kamera ilimkuta akiwa tayari katika kazi ya ushahidi, nayo ikauchukua ushahidi ule mbali kuliko miguu yake ilivyoweza kufika.

Na picha yenyewe ikoje? Nsala ameketi, anaonekana kwa upande. Hatazami kamera. Macho yake yamevielekea vitu viwili vidogo vilivyolala sakafuni, na mtu anayeitazama picha kwa mara ya kwanza huvifuata macho hayo kabla hajajua ni kitu gani. Huo ndio uwezo wake wa kutisha. Baba halii, hanyoshi mikono, hafanyi ishara yoyote. Ametulia kama mtu aliyeketi nyumbani kwake jioni. Nyuma yake wako watu wengine, na majani ya miti, na mwanga wa siku ya kawaida. Kama angalikuwa analia, mtazamaji wa mbali angalimhurumia kama anavyomhurumia kila mtu aliaye, halafu akasahau. Utulivu ule unamlazimu mtazamaji atafute sababu mwenyewe, na akiisha kuiona hawezi tena kutoiona.

Picha nyingine za Bibi Harris na za wamisionari wenzake zilipangwa kwa namna nyingine. Watu waliokatwa mikono walisimama au waliketi wakiwa wamejifunga nguo nyeupe, na kile kigutu kikawekwa juu ya weupe wa nguo, kipate kuonekana wazi. Hapo kuna ufundi, tena ufundi wa makusudi, kama mchoraji achaguaye rangi ya nyuma ili sura iliyo mbele itokeze. Katika picha mojawapo yumo Mola, ambaye mikono yake ilifungwa kwa kamba kwa nguvu mpaka ikaoza, na pamoja naye kijana Yoka, aliyekatwa mkono wa kuume. Wao wanaitazama kamera, na macho yao humfikia mtazamaji moja kwa moja. Nguo nyeupe ilipangwa na mpiga picha. Macho yale yalikuwa yao wenyewe.

Upande wa mfalme ulikuwa na majibu. Kijana mmoja aliyeitwa Epondo, ambaye habari yake iliingizwa katika taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1904, baadaye alihojiwa tena na watu wa serikali, na ikaandikwa kwamba mkono wake uliumwa na nguruwe mwitu. Maneno haya yakachapishwa Ulaya kwa shangwe, ili kusudi taarifa nzima ionekane uongo. Katika shauri hili ulionekana udhaifu wa picha. Kigutu cha mkono huonekana, aliyeukata haonekani. Picha inaweza kuonyesha jeraha, lakini haiwezi peke yake kutaja siku, kijiji, na jina la mwenye kisu. Kwa hiyo Bwana na Bibi Harris na Stannard waliandika barua baada ya barua, wakitaja majina ya vijiji, ya walinzi na ya waliokufa. Ni kazi yenye kuchosha, na pasipo kazi hiyo picha zingalikuwa kama kesi isiyo na mshtaki.

Kelele ilipozidi, mfalme aliteua mwaka 1904 tume ya watu watatu, Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi, kuchunguza mambo ya Kongo. Wengi walidhani imeundwa kwa ajili ya kuficha. Lakini wale watu watatu walisikiliza kweli. Mbele yao alikuja Lontulu, mtemi wa Bolima, aliyekuwa amepigwa viboko na kutiwa minyororo. Hakuja na picha wala maandishi. Alileta vijiti 110, akaviweka mezani, kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Halafu akavitaja kimoja kimoja kwa majina yao.

Msomaji aweke vijiti hivi karibu na picha ya Nsala, aone tofauti. Picha ya baraza la Baringa yamwonyesha mtu mmoja kwa ukamilifu hata mgeni wa nchi ya mbali alijua huzuni yake bila kujua lugha yake. Kijiti hakimwonyeshi mtu awaye yote. Kijiti ni kijiti. Lakini mkononi mwa Lontulu kila kimoja kilikuwa na jina, na pasipo Lontulu vingekuwa kuni. Wazee wa kwetu walitunza hesabu za ndoa, za madeni na za misiba kwa fundo za kamba na kwa vijiti, nao walijua kwamba ukumbusho hauna budi kukaa na mwenye kuusimulia. Ulaya ilikuwa karibu kulisahau jambo hili kwa kuzishangaa mashine zake.

Mwaka 1905 Bwana na Bibi Harris walirudi Uingereza. Picha zilikuwa zimewatangulia; zilikuwa zimechapishwa katika gazeti la misioni yao, na katika kitabu cha Edmund Dene Morel kuhusu utawala wa mfalme Leopold katika Afrika, mwaka 1904. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli aliyefumbua fumbo kwa kutazama hesabu za bandarini Antwerp: meli zilitoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, zikarudi Kongo na bunduki na risasi, wala hakuna bidhaa za kutosha kulipia mali ile. Mwezi wa Machi 1904 aliunda katika Liverpool chama cha kudai matengenezo ya Kongo. Alikuwa na tarakimu. Sasa akapata nyuso. Mwaka 1905 mwandishi wa Marekani Mark Twain aliandika kijitabu cha dhihaka, ambamo mfalme anaongea peke yake kwa hasira, na mojawapo ya manung'uniko yake ni kwamba katika mashahidi wote aliowajua, kamera ndiyo pekee aliyoshindwa kuihonga. Picha za Kongo zilitiwa ndani ya kijitabu hicho.

Lakini vitabu husomwa na wachache. Kilichoifikisha habari kwa watu wengi kilikuwa taa ya picha. Katekista wa zamani atakumbuka chombo hiki: sanduku lenye mwanga mkali ndani, picha ndogo ya kioo ikatiwa mbele ya mwanga, na lenzi ikaitupa kubwa kuliko mtu juu ya kitambaa cheupe. Katika Uingereza makanisa mengi yalikuwa nacho. Watu walizoea kukaa gizani jioni na kuonyeshwa Nchi Takatifu, maisha ya Bwana wetu, au misioni za ng'ambo na watoto wake wanaocheka. Katika kumbi zizo hizo, juu ya vitambaa vivyo hivyo, mbele ya watu walioimba tenzi za dini dakika chache tu kabla, alitokea Nsala.

Mwaka 1906 Bwana na Bibi Harris walivuka bahari mpaka Marekani, wakahutubia mikutano zaidi ya 200 katika miji 49. Katika miaka miwili ya kwanza ya kazi hiyo inahesabiwa kwamba walisema mbele ya watu mara 600, pamoja au mmoja mmoja. Walichukua pia minyororo na kiboko halisi, vitu vilivyoweza kushikwa kwa mkono. Baadaye fungu moja la picha za taa likauzwa pamoja na maneno yake ya kusoma, picha 60, ili mhubiri yeyote aweze kulionyesha hata kama hakupata kuiona Kongo.

Hapo pana jambo la kusikitisha ambalo wasifu wa Bibi Harris hauwezi kuliruka. Maneno yaliyotembea na picha yalikuwa maneno ya Wazungu kwa Wazungu. Chini ya picha ya Nsala, katika vitabu vya siku zile, jina lake na la kijiji chake viliandikwa, na hii ni sifa njema; lakini pakaongezwa kwamba walinzi walikuwa wamewala wale waliouawa. Mtazamaji wa Ulaya aliposoma hayo, mara nyingi alipata kile alichokwisha kukiamini juu ya Waafrika, akaondoka akimchukia mlinzi mweusi mwenye bunduki na kumsahau karani wa Antwerp aliyehesabu vikapu. Picha zilimwonyesha mwenye kuteswa, mara chache mtesaji, na mwenye kugawana faida hazikumwonyesha kamwe. Mfalme Leopold mwenyewe alikuwa na picha zake nzuri, na ndevu zake ndefu nyeupe, na majumba aliyojenga kwa fedha ya mpira.

Wala Wakatoliki hawawezi kuisoma habari hii kama wageni. Misioni za Kikatoliki katika Dola ile zilikuwa karibu zote za Wabelgiji, na sehemu kubwa zilinyamaza, nyingine kwa kumwogopa mfalme na nyingine kwa kudhani kwamba kelele zile ni hila ya Waingereza na ya Waprotestanti. Taarifa ya tume, iliyotangazwa mwezi wa Novemba 1905, ilithibitisha mambo makubwa ya mashtaka, na pia ililaumu namna misioni nyingine za Kikatoliki zilivyowaweka watoto katika mashamba yao. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, alitoa kitabu juu ya shauri la Kongo, ambamo aliwaambia Wakatoliki wenzake kwamba mambo yaliyotendeka hayawezi kutetewa. Kitabu chake hakikuwa na ukali wa taa ya picha, lakini kilifika katika nyumba ambazo taa ya Waprotestanti isingeweza kuingia.

Tarehe 15 Novemba 1908 Dola ya Leopold ilikwisha, na Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Haikuwa haki iliyotimia. Waliokufa hawakulipwa, na waliokatwa mikono walibaki vile. Miaka ya 1911 na 1912 Bwana na Bibi Harris walirudi kuona kama mambo yamebadilika. Waliyaona mabadiliko fulani, na Bibi akapiga tena picha nyingi, za watu katika kazi zao, za mito na masoko, picha ambazo hakuna aliyezitaka kwa mikutano. Dunia huikumbuka Kongo ya Bibi Harris kwa picha chache za maumivu. Zile nyingine, ambazo ndani yake watu wanaishi tu, zililala katika masanduku.

Tangu 1910 John Harris alifanya kazi katika chama kikongwe cha London cha kupinga utumwa, mkewe akimsaidia. Akawa mbunge kwa muda mfupi, na mwaka 1933 akapewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza. Kwa cheo hicho mkewe akawa Lady Harris, ingawa yeye hakupenda kuitwa hivyo. Bwana Harris alikufa mwaka 1940. Kwa miaka mingi jina la mume lilikaa mbele katika vitabu, na picha zilizopigwa na mke zikatajwa kama mali ya misioni, au ya chama, au bila kutajwa mwenyewe. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, alikuwa mjane wa miaka 90.

Ushahidi walioutoa watu wa Kongo mbele ya ile tume haukuchapishwa pamoja na taarifa. Uliwekwa katika hifadhi ya serikali huko Brussels, na msomaji wa kawaida hakuruhusiwa kuufungua mpaka miaka ya 1980. Kwa muda wa miaka themanini hivi maneno ya Wakongo wenyewe yalikuwa yamefungiwa, huku picha zao zikitembea. Ndiyo sababu picha zilipata kusemewa maneno ya kila namna. Hata leo picha ya Nsala hupitishwa mkono kwa mkono na simu kwa simu, na chini yake pameandikwa kwamba huyu ni baba ambaye bintiye alikatwa mkono kwa kuwa baba hakuleta mpira wa kutosha. Sivyo. Binti aliuawa, na mama yake aliuawa, katika shambulio la kijiji kizima. Mwenye kuandika vile hukusudia mema, lakini amepunguza kosa, na amemfuta Bonginganoa.

Boali hana picha. Hakuna kamera iliyomwona akicheza Wala, wala akiwa mgongoni mwa mama yake. Kitu pekee kilichopigwa picha ni kile ambacho walinzi walikiacha. Sura yake haijulikani na mtu yeyote aliye hai. Jina lake lilidumu kwa sababu baba alilitamka barazani, na mtu aliyekuwapo akaliandika.

Mwaka 2014 picha za Alice Seeley Harris ziliwekwa tena mbele ya watu, katika Liverpool, mji wa Morel, na katika London. Huko London zilionyeshwa karibu na kazi za Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Yeye naye amefanya kazi na picha za kale za nchi yake: huwachukua wafanyakazi wa migodi ya Katanga kutoka katika picha za enzi ya koloni, wanaume waliopangwa mstari mbele ya kamera, wengi bila majina, akawasimamisha upya katikati ya mitambo iliyochakaa ya siku hizi, wakiwa wanatazama mbele kama walivyoamriwa siku ile.